Kuunywesha Mkarafuu Mchanga Katika Majira ya Mwaka

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Dahalia

Mtoto yeyote wa Unguja ukimwuliza karafuu ni nini atakujibu mara moja. Aijua harufu yake, aujua mkeka inapoanikwa, na pengine amekwisha kukaa usiku na nduguze wakichambua karafuu na kutenga makonyo. Lakini mwulize mkarafuu wa mwaka mmoja wahitaji maji kiasi gani katika mwezi wa Februari, na maji hayo yatiwe vipi. Si ajabu akanyamaza, na baba yake naye akanyamaza. Kwa hiyo nimeona jambo hili lastahili nafasi katika gazeti letu.

Miche ya mikarafuu huoteshwa vitaluni na kugawiwa wakulima waipande wakati wa mvua. Mche huo umekwisha kukaa kitaluni mwaka mmoja hata miwili chini ya kivuli, ukitunzwa na watu wenye kazi hiyo. Ukifika shambani hupandwa kwa furaha, watu wakaenda zao, mvua ikafanya kazi. Kisha mvua hukatika. Likija jua la Kaskazi, mche mmoja baada ya mwingine hukauka, na wenyewe husema, "Jua limeua." Kwa maoni yangu jua husingiziwa mara nyingi. Wengi wa miche hiyo walitiwa maji, tena kila siku, na hata hivyo wakafa. Hapa ndipo pa kuangalia.

Kwanza yafaa tukumbuke kuwa mkarafuu si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ya Indonesia, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Ulifika Unguja mwanzo wa karne ya 19, ukipitia katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa. Seyyid Said bin Sultan akawahimiza wenye mashamba kuupanda kwa wingi, na baada ya miaka michache tu visiwa vyetu vikawa na sifa ya karafuu duniani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, na tokea hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Watu wa Unguja iliwabidi waanze tena na miche midogo.

Basi mti huu umetoka katika nchi isiyo na kiangazi kirefu, nao umekuja katika nchi yenye mvua za misimu miwili na ukame baina yake. Ukisha kuwa mkubwa hujitafutia wenyewe. Udogoni hauwezi, na hapo sharti mtu ausaidie.

Jambo la pili ni mizizi. Mkarafuu una mizizi ya namna mbili. Iko michache inayozama chini kwa chini kutafuta maji ya mbali, na iko mingi, myembamba kama nyuzi, inayotambaa karibu na uso wa ardhi. Hii myembamba ndiyo inayokunywa na kula. Katika mti mkubwa namna zote mbili zipo. Katika mche uliotolewa juzi ndani ya kiriba, ile ya kuzama bado ni mifupi mno, na ile myembamba imejaa katika donge la udongo lisilozidi ukubwa wa kibuyu kidogo. Kazi ya mwenye mche katika miaka mitatu ya mwanzo ni moja tu: kuifanya mizizi itoke katika donge lile, iende pembeni na iende chini. Nayo mizizi huenda palipo na unyevu. Ukiulowesha udongo kwa juu tu, mizizi itabaki juu. Ukiulowesha chini, itashuka.

Sasa natie hesabu kidogo, na wale wanaochukia hesabu wanisamehe. Tuseme umeuzungushia mche wako tuta dogo la udongo la mviringo, na toka shina mpaka tutani ni nusu mita. Eneo lililomo ndani ya mviringo huo, kwa hesabu tuliyofundishwa darasani, ni kiasi cha robo tatu ya mita mraba na kitu kidogo juu. Mwaga ndoo moja ya lita 20 humo. Maji hayo yakitandazwa sawasawa yatakuwa na kina cha milimita 25, yaani inchi moja, nayo ni sawa na mvua nzuri ya usiku mmoja. Katika udongo wa kawaida mvua kama hiyo huzama kiasi cha shubiri moja. Katika mchanga huzama zaidi, na katika kinamo hupungua.

Mtu wa pili yeye hamwagi ndoo nzima kwa wiki. Humwaga lita tatu kila asubuhi. Kwa siku saba huwa lita 21, na huyu hudhani amemshinda mwenzake kwa lita moja. Lakini angalia: lita tatu katika eneo lile lile hazifiki kina cha milimita nne, na jua la Kaskazi pamoja na upepo wake huweza kukausha kiasi cha milimita tano kwa siku katika ardhi iliyo wazi. Kwa hiyo maji ya asubuhi kabla ya Magharibi yamekwisha kurudi hewani. Na akiwa mtu huyo huyamwaga yote shinani, kama wengi wafanyavyo, amelowesha gome na pale pale palipo na donge la zamani, na akaukaribisha ukungu bure. Watu hawa wawili wamechota maji yale yale kutoka kisima kile kile. Mmoja ameotesha mti, na mwingine ameosha udongo.

Bibi yangu ana shamba dogo upande wa kaskazini ya kisiwa. Alipopata miche yake alikuwa akiitia maji kila alfajiri kwa kata, kidogo kidogo, kwa huruma, kama mtu ampaye mtoto mgonjwa uji. Mimi ni mjukuu na sikuona adabu kumwambia, "Bibi, si hivyo." Nikamwomba ruhusa nichimbe kishimo pembeni mwa mche mmoja baada ya yeye kutia maji. Akakubali akicheka. Tulikuta udongo umelowa kwa upana wa vidole viwili, na chini yake vumbi kavu. Kisha tukatia ndoo nzima katika mche wa pili, tukangoja mpaka siku ya pili yake, tukachimba. Unyevu ulikuwa umeshuka kupita kiganja na kidole. Bibi akautazama udongo ule mkononi mwake muda mrefu, akasema, "Kumbe siku zote nilikuwa nanywesha jua." Tangu siku ile hutia kila Ijumaa baada ya Alasiri, na hapana aliyemlazimisha.

Jaribio hilo la kuchimba kishimo naliona bora kuliko kanuni yoyote nitakayoiandika hapa, kwa kuwa udongo wa Unguja si mmoja. Wakulima wetu wameupa majina tangu zamani. Kinongo ni udongo mwekundu wa kina kirefu. Maji hushuka vizuri na hukaa. Mchanga hupitisha maji upesi, kwa hiyo ndoo moja kwa wiki haitoshi, na ni heri kutia nusu ndoo na robo mara mbili kwa wiki. Kinamo ni udongo mzito unaoshika maji. Ndoo ya kila wiki katika kinamo yaweza kuuzamisha mche, basi huko ngoja siku kumi. Ama uwanda, ile ardhi ya mawe ya upande wa mashariki, haifai kwa mkarafuu, na mtu asijitaabishe.

Baada ya kujua hayo natuangalie majira yenyewe.

Masika ndiyo wakati wa kupanda. Mvua huanza mwezi wa Machi, na katika Aprili huzidi kwa nguvu; miaka mingi mwezi huo peke yake hupita milimita 300. Wakati huu mche hauhitaji ndoo yako, wahitaji jembe lako. Yaani uangalie maji yasituame. Mkarafuu waweza kuvumilia mengi, lakini hauvumilii kusimama ndani ya maji. Mizizi nayo huvuta pumzi, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Kwa hiyo lile tuta la mviringo sharti livunjwe upande mmoja Masika yanapokuja, ili maji ya ziada yatoke. Naona wengi husahau jambo hili. Hujenga tuta wakati wa jua, wakaliacha likawa beseni wakati wa mvua, na mche uliosalimika na kiu hufa kwa kuzama.

Apandaye mwanzoni mwa Masika ameupa mche wake miezi mitatu ya maji ya bure. Apandaye mwisho wake, mvua zikiwa zakatika, amejiongezea kazi.

Kipupwe huja baada yake, kuanzia Juni mpaka Septemba, na upepo wa kusi. Hewa ni baridi kidogo na watu husahau mashamba. Jua si kali, lakini upepo hukausha. Siku nyingine rasharasha za mchoo hupita, zikalowesha majani na kutuliza vumbi. Rasharasha hizi hudanganya. Mtu huona majani yamelowa akadhani mche umekunywa, na ukitia kidole udongoni ni mkavu. Katika majira haya sisi hutia ndoo moja kila siku kumi, tukiwa tumeona kwa kijiti kwamba udongo umekauka. Kijiti chenyewe ni kipande cha mti chenye urefu wa shubiri; kisukume udongoni karibu na tuta. Kikiingia bila taabu na kikatoka na udongo umenata, acha. Kikigoma, tia maji.

Hizo siku kumi sikuzibuni mimi. Wazee wetu, mabaharia na wakulima, walikuwa na hesabu yao ya mwaka inayoanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Kutoka siku hiyo huhesabiwa miongo, na kila mwongo ni siku kumi, mpaka itimie 36, kisha siku chache za kukamilisha. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa pepo na wakati wa kupanda. Ni hesabu nyepesi kwa kazi yetu pia, maana mwenye kutia maji mara moja katika kila mwongo hahitaji kalenda ya ukutani. Ukihesabu vizuri utakuta miongo ya hatari kwa mche ni ile ya kuanzia wa 17 hadi wa 22, nayo huangukia Januari na Februari.

Vuli huja kati ya Oktoba na Disemba. Mvua zake si za kutegemewa. Mwaka mmoja hunyesha mpaka watu wakalalamika, na mwaka wa pili hupita kama mgeni aliyekosea nyumba. Kwa hiyo katika Vuli usihesabu siku, hesabu mvua. Weka kopo tupu lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi shambani. Baada ya kila mvua, pima kwa rula kina cha maji yaliyomo, kisha uyamwage. Ikiwa katika wiki nzima kina kimefika inchi moja, mche wako umekwisha kunywa ndoo yake. Ikiwa nusu, mwongeze nusu ndoo. Kopo la maziwa la dahalia latosha kwa kazi hii.

Sasa Kaskazi, na hapa ndipo penye kufa na kupona. Kuanzia katikati ya Disemba mpaka Masika yatakaporudi, upepo hutoka kaskazini, joto hupanda, na mvua hupungua sana; mwezi wa Februari aghalabu haufiki milimita 100, na mvua hizo chache huja kwa siku moja au mbili kisha basi. Mche wa mwaka wa kwanza utiwe ndoo moja ya lita 20 kila wiki bila kukosa. Utie jioni baada ya Alasiri, ili usiku mzima maji yashuke pasipo kunyang'anywa na jua. Usimwage ndoo yote kwa mkupuo. Tia nusu, nenda kwa mche wa pili, kisha rudi utie nusu iliyobaki. Ardhi kavu ni kama kitambaa kikavu, mara ya kwanza hukataa maji, mara ya pili huyapokea. Tia kuzunguka ukingo wa ndani wa tuta. Shinani usitie.

Kabla ya Kaskazi kufika, tandaza majani makavu ndani ya mviringo kwa unene wa kiganja. Majani ya mkarafuu wenyewe yafaa, majani ya mgomba yafaa, na makumbi ya nazi yafaa zaidi kwa kuwa hayaozi upesi. Acha nafasi ya kiganja kimoja pasipo na kitu kulizunguka shina, maana mchwa hupenda kujificha katika majani na huanza kula gome palipo na giza. Ardhi iliyofunikwa hupoteza maji machache sana kuliko ardhi iliyo wazi. Nimewahi kutia mkono chini ya makumbi saa saba mchana mwezi wa Januari na kuukuta udongo wa baridi, wakati hatua moja pembeni ardhi ilikuwa haikanyagiki kwa mguu mtupu.

Kivuli nacho ni maji. Makuti mawili yaliyochomekwa upande wa jua la mchana hupunguza kiu ya mche. Wengine hupanda migomba na mihogo kati ya mikarafuu kwa ajili ya kivuli, nalo ni jambo jema, ila mgomba hunywa sana. Usiwe karibu kuliko hatua tatu.

Sasa nataka kusema neno ambalo huenda baadhi ya wazee hawatalipenda. Kaskazi ni kama wiki kumi na mbili. Ndoo moja kwa wiki ni ndoo 12 kwa kila mche. Mwenye miche kumi atabeba ndoo 120. Mwenye miche hamsini atabeba ndoo 600. Kama kwenda kisimani na kurudi ni robo saa, miche kumi yataka saa 30, na miche hamsini yataka saa 150. Nani atazibeba? Katika nyumba nyingi nizijuazo si yule aliyeichukua miche. Ni mama, ni dada, ni watoto watokao skuli, na ndoo hiyo ya mti huja baada ya ndoo ya kupikia, ya kufulia na ya kuogea. Siku wanapochoka, mti ndio wa kwanza kukosa, na hapana wa kuwalaumu. Basi kabla ya kuomba miche, mtu na ahesabu mikono iliyopo nyumbani kwake, mikono yake ikiwa ya kwanza. Miche kumi iliyo hai mwaka wa nane, ikianza kuzaa, ni bora kuliko vijiti hamsini vikavu vilivyosimama kwa safu nzuri.

Ziko njia za kupunguza mzigo. Chupa za plastiki za maji ya kunywa zimejaa kila pahala kisiwani, na kuziokota peke yake ni faida. Chukua chupa ya lita moja na nusu, itoboe tundu dogo la sindano kifunikoni, ikate kitako, ichomeke udongoni kichwa chini karibu na tuta. Maji huteremka tone kwa tone mpaka kwenye mizizi, na jua halioni kitu. Chupa nne zikijazwa mara mbili kwa wiki ni lita 12, nazo zafanya kazi ya ndoo nzima iliyomwagwa juu. Wenye vyungu vya udongo visivyopakwa rangi waweza kuvizika mpaka shingoni na kuvijaza maji. Udongo wa chungu huyatoa polepole wenyewe.

Kadhalika yako maji yanayopotea. Katika dahalia yetu twatia udhu mara tano kwa siku, na maji hayo hayana sabuni wala mafuta. Tukikinga ndoo chini ya mabomba, hata nusu yake, twapata maji ya kutosha miche ya bustani bila kugusa tangi. Maji ya kufulia yenye sabuni ni kitu kingine. Kwa mti mkubwa wa mwembe sina neno, lakini kwa mche wa mkarafuu yaache.

Na maji ya visima vya karibu na pwani yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi ulimini, usiutie mche, maana chumvi hubaki ardhini na kila wiki huongezeka. Watu wa Mji Mkongwe waijua taabu ya visima vya chumvi tangu zamani, na ndiyo sababu Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alileta maji ya chemchemi mjini kwa mfereji kutoka upande wa Bububu.

Mtu atajuaje kama mche una kiu? Utazame mara mbili, saa saba mchana na alfajiri. Majani yakilegea mchana kisha yakainuka usiku, mche umechoka tu kama wewe uchokavyo kwa jua, na hauna haja ya maji siku hiyo. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, una kiu kweli, nawe umechelewa siku mbili. Ncha za majani zikikauka na kuwa za kahawia, umechelewa zaidi, lakini usikate tamaa. Tia ndoo, funika, weka kivuli, ungoje.

Usiogope majani machanga yenye rangi ya waridi au nyekundu. Hivyo ndivyo majani mapya ya mkarafuu yalivyo, na ni dalili ya afya. Mwenzangu mmoja wa mjini, asiyewahi kukaa shamba, aliyaona akaja mbio kwa Maalim kusema miti imepata maradhi.

Dalili iliyo ngumu ni hii: mche uliozidishiwa maji nao hulegea. Mizizi ikikosa hewa huoza, na mizizi iliyooza hainywi, basi mche huwa na kiu ukiwa katikati ya maji. Mwenyewe huuona umelegea akaongeza ndoo, na ndoo hiyo ndiyo ya mwisho. Tofauti ni kwamba mche huu majani yake huwa ya manjano na kudondoka, na udongo ukiunusa una harufu mbaya. Hapo acha maji, vunja tuta, ondoa majani uliyotandaza, udongo upate hewa.

Wala usichanganye kiu na kile wakulima wakiitacho kifo cha ghafla, ambacho huipata mikarafuu mikubwa inayozaa. Mti hunyauka wote kwa muda mfupi, majani yakageuka rangi na kukaukia matawini, hata kama mvua imenyesha jana. Maradhi hayo yaliua mikarafuu mingi Unguja, na wataalamu waliyachunguza sana katika miaka ya 1940 na ya 1950, wakaona chanzo chake ni aina ya kuvu inayoshambulia mizizi. Hakuna ndoo itakayoyaponya. Mwite Bwana Shamba.

Mwaka wa pili panua tuta lifike mita moja kasorobo kutoka shinani, utie ndoo mbili kila mwongo wakati wa Kaskazi. Mwaka wa tatu ndoo tatu, mara mbili kwa mwezi, na katika Vuli na Kipupwe usitie kitu ila ukame ukizidi. Mwaka wa nne mti uachiwe ujitafutie. Baada ya hapo kuunywesha ni kujichosha, tena kwaweza kuleta hasara, maana wataalamu wasema mkarafuu mkubwa huhitaji kupata ukavu kidogo ili ufanye matumba. Karafuu tuiuzayo, kama mjuavyo, ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Huu ni mti wa maua ambao mwenyewe hafurahi akiona maua.

Wenzetu wa Mji Mkongwe wasiokuwa na shamba waweza kuuotesha mche katika pipa lililotobolewa chini, uani au darini. Pipa hukauka upesi kuliko ardhi, basi huko tia lita tano kila siku ya pili katika Kaskazi mpaka maji yachuruzike chini, na usiweke sahani ya kuyakinga. Hautazaa karafuu za kuuza, lakini majani yake yana harufu nzuri.

Limebaki jambo la skuli yetu wenyewe. Nyuma ya dahalia iko mikarafuu 14 iliyopandwa Masika haya na wanafunzi wa kilimo. Likizo yetu huanza Disemba, wakati ule ule Kaskazi inapoingia, na dahalia hubaki tupu. Mimi na wenzangu wa Kidato cha Nne tutakuwa tumemaliza mtihani na hatutarudi. Tumezungumza na Maalim wa kilimo, naye amekubali pawe na zamu: wanafunzi saba wa kutwa wakaao karibu na skuli, kila mmoja miti miwili, ndoo moja kwa kila mti, kila Ijumaa baada ya Alasiri. Mlinzi atafungua bomba la nyuma. Mpaka leo wamejiandikisha watano. Nafasi mbili ziko wazi, na karatasi imebandikwa katika mlango wa maktaba. Miti iliyokosa mtu ni ile miwili ya mwisho upande wa ukuta na miwili iliyo karibu na kisima cha zamani. Kisima hicho maji yake ni ya chumvi. Ndoo zichotwe bombani.